Lord Kelvin: Aliyepiga hesabu ya kupasha nyumba joto kwa hewa ya baridi

Mwenye duka pale Tarakea akipitisha mkono nyuma ya jokofu lake la soda atakuta pana joto. Wengi hudhani ni mashine imechoka. Kumbe sehemu kubwa ya joto lile limetolewa ndani, kwenye soda, likatupwa nje.

Mtu aliyeonyesha kwa hesabu kuwa njia hiyo hiyo inaweza kupasha nyumba joto ni William Thomson, anayejulikana zaidi kwa jina la Lord Kelvin.

Thomson alizaliwa Belfast, Ayalandi, Juni 26, 1824. Baba yake, James, alikuwa mtoto wa mkulima aliyejisomea mwenyewe hadi akawa mwalimu wa hisabati. Mama alifariki dunia mwaka 1830 na baba akabaki kuwalea na kuwafundisha watoto. Baadaye familia ilihamia Glasgow, Uskoti, ambako baba alipata uprofesa.

William alianza kusoma chuo kikuu mwaka 1834 akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka 1841 alikwenda Cambridge, na mwaka 1846, akiwa na miaka 22 tu, aliteuliwa kuwa profesa Glasgow. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka 53, hadi alipostaafu mwaka 1899.

Mwaka 1848 alitoa kipimo kipya cha joto kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa kipimo hicho, usiku wa Tarakea wenye nyuzi 12 bado una nyuzi 285 juu ya baridi ya mwisho. Maana yake ni kwamba hata hewa inayotufanya tujifunike blanketi mbili ina joto jingi ndani yake. Tatizo ni namna ya kulichukua.

Mkulima wa Kilimanjaro ataelewa jambo hili haraka. Maji ya mfongo hushuka yenyewe kutoka mlimani hadi shambani, lakini ukitaka yapande lazima uwe na pampu. Joto nalo hutoka lenyewe penye moto kwenda penye baridi. Kulirudisha kunahitaji mashine.

Mwaka 1852 Thomson alieleza mashine ya namna hiyo. Hewa ingetanuliwa hadi ipoe kuliko hewa ya nje, ifyonze joto la nje, kisha igandamizwe ipate moto na kuingizwa ndani ya nyumba. Kazi hiyo ikigeuzwa, mashine ingepoza nyumba katika nchi za joto. Alionyesha kuwa nguvu inayotumika kusukuma joto ni ndogo sana kuliko joto linalopatikana.

Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuwahi kuitumia kupasha nyumba. Watu waliendelea kuchoma makaa ya mawe. Nchini Austria, Peter von Rittinger alitumia wazo la aina hiyo kwenye kiwanda cha chumvi katika miaka ya 1850, lakini kwa majengo ilibidi kusubiri. Mwaka 1938 ukumbi wa jiji la Zurich, Uswisi, ulianza kupashwa joto lililochotwa kwenye maji ya mto.

Fedha za Thomson zilitoka kwingine. Alishiriki kutandaza waya wa telegrafu chini ya bahari ya Atlantiki. Waya wa mwaka 1858 ulikufa baada ya wiki chache, lakini hawakukata tamaa, na mwaka 1866 kazi ilifanikiwa. Mwaka huo alipewa cheo cha heshima cha Sir. Alisajili uvumbuzi wake, ikiwamo dira ya meli, akatajirika na mwaka 1870 akanunua jahazi lake la kutembelea. Mwaka 1892 akawa Lord Kelvin.

Pamoja na umahiri wake, alikosea pia. Mwaka 1862 alikadiria kuwa umri wa dunia ni kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Leo inajulikana kuwa ni kama miaka bilioni 4.5. Hesabu zake zilikuwa safi, ila taarifa alizoanzia hazikutosha.

Je, mkulima au mfanyabiashara wa Tarakea ananufaikaje? Hita ya kawaida ya umeme hutoa uniti moja ya joto kwa kila uniti ya umeme. Pampu ya joto hutoa kama uniti tatu au zaidi, kwa kuwa nyingine inazichota kwenye hewa. Mwenye gesti anaweza kuchemshia wageni maji ya kuoga. Wafugaji wanaopoza maziwa kwa pamoja wanaweza kulitumia joto linalotoka kwenye maziwa kupasha maji ya kuoshea vyombo. Kuni zinapungua na msitu wa mlima unapumua.

Lakini tusidanganyane. Mashine hizi ni ghali kununua, zinahitaji fundi anayezijua, na umeme ukikatika zinasimama. Mwenye vifaranga, ambao wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, asiliondoe jiko lake la mkaa kabla ya kuwa na njia ya akiba.

Kabla ya kununua, andika kwa mwezi mzima unatumia kiasi gani kwa kuni, mkaa au umeme. Linganisha na bei ya mashine na miaka itakayodumu. Usipofanya hivyo unaweza kukosea kama Kelvin, kwa kuanza na taarifa pungufu.

Kelvin alifariki dunia Desemba 17, 1907, akazikwa Westminster Abbey, London, karibu na Isaac Newton. Wazo lake la mwaka 1852 lilikuwa bado linasubiri wakati wake.