James Annesley: Mrithi aliyeuzwa ng'ambo na ami yake

WAHENGA walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. James Annesley wa Ireland aliujua ukweli wa methali hii angali mtoto.

Alizaliwa mwaka wa 1715 huko Dunmain, Wexford, katika nyumba ya kabaila Arthur Annesley, Lord Altham. Wazazi walipotengana alibaki na babake, lakini kimada wa baba hakumtaka. Akaishia kurandaranda katika mitaa ya Dublin hadi muuza nyama mmoja alipomhifadhi.

Lord Altham alifariki Novemba 1727, na ndugu yake, Richard, akajitwalia cheo. Mnamo Aprili 1728, James, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alitekwa nyara, akapakiwa melini na kuuzwa Delaware, Marekani, kama mtumishi wa mkataba. Alitumika huko kwa takriban miaka 12.

Hatimaye alitoroka, akafika Jamaica mwaka wa 1740 na kujiunga na jeshi la majini la Uingereza. Baada ya kurejea Uingereza, risasi ya bunduki yake ilimuua mtu kwa bahati mbaya mnamo 1742. Richard, ambaye sasa alikuwa pia Earl wa Anglesey, aligharimia mashtaka akitumaini kuwa mwana wa nduguye atanyongwa. Mahakama ilimwachilia.

Mnamo Novemba 1743, kesi ya urithi ilisikizwa Dublin kwa takriban majuma mawili. Je, James alizaliwa na Mary Sheffield, mke halali wa Lord Altham, au na mjakazi, Joan Landy? Wakili wa zamani wa Richard aliruhusiwa kufichua njama ile ya kitanzi, na hadi leo wanasheria huirejelea kesi hiyo wanapojadili mipaka ya siri baina ya wakili na mteja. James alishinda.

Hata hivyo, Richard alipinga hukumu na kuendelea kushikilia mali na vyeo. James, aliyepungukiwa na fedha za kesi, alifariki Januari 1760 bila cheo. Richard alimfuata mwaka wa 1761.

Mwana wa Richard alipodai urithi, uhalali wa ndoa ya wazazi wake ulitiliwa shaka. Bunge la Malodi la Ireland lilimtambua. Lile la Uingereza likamkataa mwaka wa 1771, na cheo cha Earl wa Anglesey kikakoma. Shaka ambayo Richard aliipanda dhidi ya James ndiyo iliyomnyima mwanawe.