Mechnikov na Maradhi ya Mbawakawa

Kwetu Bugeshi, chini ya milima ya moto, hatulimi minazi. Tunalima viazi, mahindi na maharagwe. Lakini buu mweupe aliyejikunja udongoni kila mwenye jembe anamjua. Kwa ajili ya buu huyo nawaandikia, wanafunzi wenzangu nanyi mliotutangulia shuleni, habari za Ilya Mechnikov.

Alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, katika nchi iitwayo leo Ukraine. Mwaka 1870 akawa mwalimu wa elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Odessa. Mkewe wa kwanza, Ludmila, alifariki kwa kifua kikuu kisiwani Madeira mwaka 1873. Majonzi yalimzidi Mechnikov hata akajaribu kujiua. Kwa bahati hakufa.

Siku zile ngano ya upande wa Odessa ilikuwa ikiliwa na mbawakawa. Mechnikov alitaka kujua mdudu huyo mwenyewe huugua maradhi gani. Basi akachunguza mabuu, akakuta wengine wamekufa, wamekauka, wamefunikwa na unga wa kijani. Unga ule ni mbegu za ukungu. Mbegu ikinata juu ya buu humea, hutoboa ngozi na kuenea mwilini. Baada ya siku chache mdudu hufa, kisha ukungu hutokeza nje na kutoa mbegu nyingine. Aliona pia bakteria wenye kuwaua mabuu. Mwaka 1879 alitangaza habari hizo, akashauri ukungu uoteshwe katika maji ya kimea cha pombe, upate kutiwa mashambani. Sisi tuliokua karibu na mitungi ya pombe ya mtama twaelewa shauri hilo upesi kuliko wengi!

Mwaka 1884 Krassilstschik alizitengeneza mbegu hizo kiwandani huko Smela, apigane na wadudu wa viazisukari. Mechnikov mwenyewe alikuwa amekwisha shika njia nyingine. Huko Messina, mwaka 1882, aliona jinsi chembe za mwili zinavyowazunguka na kuwameza maadui. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Alifariki Paris mwaka 1916. Wakubwa humsifu kwa chembe hizo. Mimi, mtoto wa mkulima, nampenda zaidi kwa yale mabuu.

Na minazi je? Mwaka 1909 mbawakawa mwenye pembe, mtoboaji wa vilele vya minazi, aliingia Samoa pamoja na miche ya mpira kutoka Ceylon. Bwana Friederichs alipanga malundo ya takataka zenye kuoza, akayatia ukungu ule wa kijani, ili majike waje kutaga mayai ndani ya kaburi la watoto wao. Ukungu uliua penye unyevu, lakini haukutembea wenyewe kisiwani kote. Silaha iliyoweza kutembea ilikuwa kirusi alichokigundua Huger huko Malaya mwaka 1963, kikapelekwa Samoa mwaka 1967. Katika miaka ya 1980 kilijaribiwa pwani ya Tanzania juu ya ndugu yake wa Afrika, aitwaye chonga.

Ukungu nao haukusahauliwa. Mwaka 2009, huko Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na Malagarasi nchini Tanzania, ndege zilinyunyiza ukungu wa jamaa ile ile juu ya nzige wekundu.