Apolo Kivebulaya wa Mboga

Sisi tukaao Nshambya na katika nchi yote ya Bukoba twajua ya kuwa Neno la Mungu halikuletwa kwetu na Wazungu peke yao. Kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910, walikuwako Wahaya waliokwisha kujifunza Injili katika Buganda, nao wakarudi nayo nyumbani. Kwa hiyo twaona vema kusimulia habari za mwalimu mmoja wa Buganda, aliyeipeleka Injili hiyo hiyo upande wa magharibi, hata akafika penye msitu mkubwa wa Kongo.

Alizaliwa yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa. Katika ujana wake alisikia mafundisho ya Waislamu, kisha akasikia habari za Yesu kwa Alexander Mackay, mmisionari aliyekuwa fundi wa kazi nyingi. Siku zile Buganda ilijaa vita, naye akawa askari. Hakubatizwa upesi. Mwezi wa Januari 1895, alipokuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, ndipo alipopokea ubatizo na jina la Apolo. Watu walimwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya vazi la Kizungu alilopenda kulivaa pamoja na kanzu yake.

Mwaka 1896 alipelekwa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, nyuma ya milima ya Ruwenzori. Walimu waliomtangulia walikuwa wamenyimwa chakula hata wakaondoka. Mtawala wa nchi, jina lake Tabaro, hakupenda mafundisho yanayomkataza mtu kuwa na wake wengi na kulewa pombe. Apolo naye alikatazwa chakula, akapigwa, na nyumba yake ya sala ikachomwa moto. Lakini hakuondoka.

Ndipo likamjia jaribu kubwa kuliko mapigo. Siku moja walikwenda kukata nyasi za kujengea, naye alikuwa ameuweka mkuki wake katika majani. Mwanamke mmoja Mkristo, ndugu yake Tabaro, akajikwaa, akauangukia mkuki, akafa. Apolo akashitakiwa kuwa ameua, akafungwa, akapelekwa kwa wakubwa wa Kiingereza katika Toro, akatiwa gerezani.

Wasomaji, tufikiri jambo hili kidogo. Mapigo ya adui humtia mtu moyo pengine, kwa kuwa ajua ya kuwa anateswa bila kosa. Lakini hapa mkuki ulikuwa wa Apolo mwenyewe, na aliyekufa alikuwa mmoja wa kondoo wachache aliopewa kuwachunga. Angaliweza kusema moyoni ya kwamba kazi yake imekwisha. Katika siku zile za giza alimwona Kristo katika maono, aking'aa kama jua, akimwambia asiogope, kwa kuwa yu pamoja naye. Maisha yake yote alisimulia habari za usiku ule. Baadaye ilionekana ya kuwa hana hatia, akafunguliwa.

Alirudi wapi? Alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliomshitaki. Na Tabaro alipomwona, moyo wake ukageuka. Akafundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Alifanya kazi miaka mingi katika Toro, lakini Mboga haikumtoka moyoni. Mpaka ulipokatwa, na Mboga ikawekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji, alikwenda tena kukaa huko. Tangu mwaka 1921 aliwaendea Wambuti, watu wafupi wa msituni waliodharauliwa na jirani zao. Mwaka 1922 kanisa lake lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa Namirembe. Lakini alichagua kibanda cha Mboga kuliko nyumba ya mjini. Hakuoa, wala hakujiwekea mali.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika maiti kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, ili watu wajue ya kuwa Injili haina budi kuendelea mbele. Hata leo Waanglikana humkumbuka kila mwaka katika tarehe hiyo.

Sisi Wahaya twalipenda kaburi la kibanjani, chini ya migomba, karibu na baba zetu. Wala si dhambi. Lakini mara ngapi ndugu hushitakiana kwa ajili ya mpaka wa kibanja, hata wakifika mezani pa Bwana hawaangaliani usoni? Kila mmoja ataka apate mahali pa kulala, naye asahau ya kuwa ataamka mbele ya Hakimu. Apolo aliwaza habari za kufa kwake kama mtu anayengoja kuitwa, na kwa sababu hiyo aliweza kumrudia mshitaki wake.

Basi, na tujiulize sisi, walimu wa makanisa kwanza: kama tukiitwa usiku huu, uso wetu umeelekea wapi? Na kama yuko ndugu aliyetushitaki, Mboga yetu iko mlangoni pake. Twende kesho asubuhi.