Baden-Powell, mzee aliyechagua kuzeekea Nyeri

Hapa kwetu Katogota, mtu akifikisha umri wa kupumzika kazi, maneno yanaanza nyumbani: utaenda kuzeeka wapi? Mwalimu aliyefundisha miaka mingi Bukavu anataka kushuka kwenye bonde la Ruzizi, fasi udongo unatoa muhogo, mahindi na mpunga, lakini anaogopa joto na mbu. Yule aliyeishi huku chini anatazama milima ya Lemera. Anajua kule juu kuna baridi nzuri ya kulala, lakini anawaza njia, usalama na umbali wa hospitali. Wa Uvira anapenda upepo wa ziwa, lakini hajasahau mafuriko ya mwezi wa nne 2020 yaliyobeba nyumba za watu.

Ulizo hilo lilimfikia pia mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana dunia nzima. Watoto wetu wanaovaa fulari shingoni na kupiga saluti ya vidole vitatu wanamwita mwanzilishi wao. Ni Robert Baden-Powell, baba wa maskauti. Wengi wanajua kwamba alikuwa Mwingereza. Wachache wanajua kwamba kaburi lake liko huku Afrika, Nyeri, katika inchi ya Kenya. Leo tunawaletea maisha yake, na jinsi alivyochagua fasi ya kumalizia siku zake.

Alizaliwa London tarehe 22 mwezi wa pili mwaka 1857. Baba yake alikuwa padri wa Kianglikana na profesa wa hesabu Oxford, akafa mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Mama yake, Henrietta Grace, ndiye aliyelea watoto peke yake na kuwasukuma wasome. Shuleni Charterhouse Robert hakuwa wa kwanza darasani. Alipenda kujificha porini karibu na shule, kufuata nyayo za wanyama, kuchora na kuigiza. Mambo hayo, ambayo walimu wengi wangeyaita mchezo, ndiyo yaliyomlisha maisha yake yote.

Mwaka 1876 aliingia jeshi, akatumwa Uhindi katika kikosi cha farasi. Baadaye alitumwa Afrika mara nyingi: kwa Wazulu, kwa Waashanti katika Ghana ya leo, na Matabeleland katika Zimbabwe ya leo. Na hapa tusifiche neno. Alikuwa askari wa ukoloni, na kazi yake ilikuwa kuvunja watu waliokataa kutawaliwa. Mwaka 1896, kule Matabeleland, aliagiza chifu Uwini ahukumiwe na mahakama ya kijeshi, akapigwa risasi. Wakubwa wake walifanya uchunguzi, wakamwachilia bila adhabu, lakini doa hilo halikufutika mpaka leo.

Jina lake lilivuma kwenye vita ya Waingereza na Makaburu, Afrika Kusini. Kuanzia mwezi wa kumi 1899 mpaka tarehe 17 mwezi wa tano 1900, muda wa siku 217, alilinda mji mdogo wa Mafeking uliozungukwa na adui. Waingereza walimshangilia kama shujaa. Lakini ndani ya mji ule kulikuwa pia Waafrika, Wabarolong na wakimbizi wengine. Wengi wao walishika bunduki kulinda mji, na chakula kilipopungua wao ndio waliobanwa na njaa zaidi kuliko Wazungu. Wanahistoria wanaendelea kumhukumu juu ya hilo.

Katika Mafeking vijana wadogo walipewa kazi ya kupeleka barua na habari. Baden-Powell aliona kwamba kijana akiaminiwa, anaweza kubeba mzigo mkubwa. Wazo hilo halikumtoka. Mwezi wa nane 1907 alikusanya vijana kama ishirini kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walikuwa watoto wa matajiri, wengine wa wafanyakazi. Wote walilala kwenye hema, wakapika pamoja, wakafundishwa kusoma nyayo na kusaidia mtu aliyeumia. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake kwa vijana, na kabla hajajua, vikundi vilikuwa vinajianzisha vyenyewe inchi kwa inchi. Mwaka 1910 aliacha jeshi ili ashughulike na maskauti. Mwaka 1920, London, vijana wa mataifa mengi walimtangaza kuwa skauti mkuu wa dunia yote.

Bibi alimpata akiwa tayari na miaka 54. Walikutana juu ya meli mwaka 1912. Bibi huyo, Olave Soames, alikuwa na miaka 22, na kumbe walizaliwa tarehe moja, 22 mwezi wa pili. Wakaoana mwaka uleule, wakazaa watoto watatu: Peter, Heather na Betty. Baada ya vita ya kwanza ya dunia walinunua nyumba kusini mwa Uingereza, wakaiita Pax Hill, maana yake kilima cha amani. Huko ndiko walikolea watoto.

Sasa tufike kwenye uzee wake. Mwaka 1937 Baden-Powell alikuwa na miaka 80. Alikwenda Uhindi, kisha Uholanzi kwenye mkutano mkubwa wa maskauti, akawaaga vijana akijua hatakutana nao tena. Moyo ulikuwa umechoka. Waganga walimwambia apunguze safari na apumzike. Baridi ya Uingereza, mvua na ukungu wa miezi mingi, si hali ya kumfaa mzee mwenye moyo dhaifu.

Angeweza kwenda kusini mwa Ulaya, kama walivyofanya matajiri wengi wa Kiingereza. Lakini mwaka 1935 yeye na bibi yake walikuwa wamepita Kenya, wakamtembelea Eric Sherbrooke Walker. Huyo zamani alikuwa katibu wake, na sasa alikuwa na hoteli Nyeri iliyoitwa Outspan. Nyeri iko karibu na ikweta, lakini imeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja kuna safu ya Aberdare, upande mwingine kuna Mlima Kenya wenye theluji kichwani. Kwa sisi ni rahisi kuelewa: Uvira, pembeni ya ziwa, iko kwenye mita mia saba na kitu hivi na tunatoka jasho, lakini mtu akipanda mpaka Bukavu anatafuta koti. Ikweta ni ileile, urefu wa mlima ndio unaobadili hewa. Nyeri mchana kuna jua la kutosha, usiku mtu anavuta blanketi, na mbu ni wachache kuliko bondeni.

Hewa peke yake haikuamua. Watoto wake wawili walikuwa tayari Afrika: Peter katika Rhodesia ya Kusini, na Betty aliolewa mwaka 1936 na mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Nyeri alikuwa na rafiki wa zamani jirani, na hoteli ya kumpikia. Basi, hewa, watoto, rafiki na msaada wa kila siku, vyote vilielekea upande mmoja.

Mwezi wa kumi 1938 walifika. Walijengewa nyumba ndogo kwenye uwanja wa Outspan, yenye baraza inayotazama mlima. Wakaiita Paxtu. Ni mchezo wa maneno: amani ya pili, baada ya ile ya Pax Hill. Mtu aliyezoea kusalimiwa na maelfu ya vijana, sasa alikaa barazani na penseli na rangi. Alichora ndege, tembo, nyani. Aliandika vitabu vidogo juu ya wanyama wa Kenya, akajibu barua.

Mwaka 1939 vita ya pili ya dunia ililipuka. Huko Ulaya vijana aliowafundisha udugu walianza kuuana, na yeye alikuwa mzee wa barazani ambaye hawezi kufanya kitu. Nyumba yao ya Pax Hill ilichukuliwa na jeshi. Hapo fasi aliyoichagua kwa mapumziko ikawa nyumba pekee aliyobaki nayo. Alikufa Paxtu tarehe 8 mwezi wa kwanza 1941, akiwa na miaka 83, akazikwa kwenye makaburi ya Mtakatifu Petro, Nyeri. Juu ya jiwe lake kuna alama ambayo kila skauti anaijua: duara lenye nukta katikati, maana yake nimekwenda nyumbani. Olave alirudi Uingereza, akaishi mpaka 1977. Alipokufa, majivu yake yaliletwa Nyeri, yakawekwa kando ya bwana yake. Mpaka leo maskauti wanapanda Nyeri kutembelea kaburi hilo.

Hadithi ingeishia hapo kama ardhi ile ingekuwa tupu. Haikuwa tupu. Nyeri ni inchi ya Wakikuyu. Juu ya hewa ileile nzuri na udongo wake, serikali ya kikoloni ilitenga nyanda za juu za Kenya kwa Wazungu, na wenyeji wakasukumwa kwenye maeneo yaliyobanana, wengine wakabaki vibarua kwenye shamba la babu zao. Baden-Powell alipokuwa akichora ndege barazani, kijana mmoja wa Nyeri, Dedan Kimathi, alikuwa anakua vijiji vichache kutoka pale. Miaka kumi na moja tu baada ya mzee kuzikwa, mwaka 1952, vita ya Mau Mau ilifunguka katika misitu ileile ya Aberdare aliyokuwa akiitazama. Kimathi alikuwa mmoja wa viongozi wake. Alikamatwa mwaka 1956, Waingereza wakamnyonga mwaka 1957. Mpaka leo familia yake inatafuta kaburi lake, wakati la mgeni linajulikana na kila mtu.

Sisi wa Kivu hatuhitaji kutafsiriwa hilo. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, na ardhi nyingi ya milima yenye hewa baridi ikagawiwa kwa wakoloni walime kahawa, chai na kinini. Hewa nzuri ina bei, na mara nyingi anayelipa ni yule aliyekuwa pale mbele.

Tuchukue nini basi katika maisha haya, tunapokaa chini ya mwembe kuzungumza na wazee wetu? Kwanza, mzee huyu hakungoja moyo usimame ndipo achague. Alitembelea fasi ile miaka mitatu kabla ya kuhamia, akaionja. Pili, hakuchagua hewa peke yake. Alitazama nani atakuwa jirani, watoto watafika kwa njia gani, nani atapika siku ambayo bibi ni mgonjwa. Mlima wenye baridi nzuri bila mganga karibu unaweza kuwa mbaya kuliko bonde la joto lenye kituo cha afya. Tatu, na hili yeye hakuliuliza: kiwanja hiki kilikuwa cha nani? Mtu anayenunua shamba leo Luvungi, Lemera au pembeni ya ziwa, akae kwanza na chifu, na majirani, na watoto wa yule aliyelima pale zamani, kabla hajajenga. Ugomvi wa ardhi haumwachi mzee alale, hata usiku uwe baridi namna gani.

Na wewe msikilizaji, kama mzazi wako anakaribia kupumzika kazi, muulize jioni hii anataka kuzeekea wapi, na juu ya nini. Msikilize mpaka mwisho, hata kama jibu lake ni hapahapa Katogota, na joto lake.