Mganga aliyeanguka mtihani mara tatu

Kila kipupwe kinapoingia, kati ya Juni na Agosti, mawingu huitanda Nairobi tangu alfajiri hadi machweo, na wakazi wa mitaa ya Eastlands huanza kutafuta dawa. Huyu anachemsha tangawizi, yule anatafuna kitunguu saumu, na mwingine anateremka Gikomba kununua magome ya mwarobaini. Wako pia wanaoelekea kwa tabibu wa Kichina, maana tiba hiyo imekuwa na milango yake jijini kwa miaka mingi. Huko mgonjwa huambiwa kwamba kila msimu una kiungo chake na kila kiungo kina hisia yake: masika ya Uchina ni ya ini na hasira, kiangazi ni cha moyo na furaha, mapukutiko ni ya mapafu na huzuni, na majira ya baridi ni ya figo na hofu. Katikati yake umewekwa wengu pamoja na fikra nyingi zisizokoma.

Mafundisho hayo yana umri wa takriban miaka 2,000. Watu wengi wanayajua kwa sindano na vikopo vya chai chungu. Mtu aliyeikusanya hazina ya dawa za Kichina katika kitabu kimoja, Li Shizhen, ni wachache wanaomjua, na maisha yake yanawahusu walimu na wanafunzi wetu kuliko inavyodhaniwa.

Li Shizhen alizaliwa mwaka 1518 huko Qizhou, katika jimbo ambalo leo huitwa Hubei. Miaka mia moja kabla ya hapo, merikebu za Zheng He zilikuwa zimekwisha kufika pwani yetu, na twiga wa Malindi alikuwa ametembezwa mbele ya mfalme wa Uchina. Babu yake Li alikuwa mganga wa kutembea vijijini akipiga kengele kuwaita wagonjwa. Baba yake, Li Yanwen, alikuwa mganga pia, mwenye elimu na sifa, lakini uganga wakati huo ulikuwa kazi ya watu wa chini. Kwa hiyo mzee alitaka mwanawe afanye mitihani ya serikali, apate cheo, na aiondolee familia kengele ya barabarani. Mzazi yeyote wa Umoja au Kayole aliyeuza mali kulipa karo atamwelewa mzee huyo bila kuhitaji mkalimani.

Kijana alifaulu mtihani wa kwanza akiwa na miaka 14. Uliofuata, ule wa jimbo uliofanyiwa Wuchang, ulimshinda. Alirudi tena, ukamshinda. Akarudi mara ya tatu, ukamshinda. Mtihani huo ulidai umahiri wa kuiga mtindo mmoja wa insha uliokwisha kukauka, wala haukuuliza kama mtahiniwa anaweza kutambua mmea au kusikiliza mgonjwa. Sina nia ya kusema kwamba mitihani yote ni upuuzi. Mimi mwenyewe huitunga. Lakini ni haki kuuliza mtihani unapima nini, hasa matokeo ya KCSE yanapotangazwa na watoto wetu kuanza kutajwa kwa herufi moja moja, mithili ya magunia ya kahawa.

Katikati ya majaribio hayo Li aliugua vibaya. Homa kali ilimchoma mwili, akakohoa, usingizi ukamhama. Alijitibu kwa dawa alizozijua, hali ikazidi. Baba yake akamchemshia mzizi wa mmea mmoja tu, na homa ikashuka. Baada ya kuanguka mara ya tatu alimwomba baba yake amruhusu kuwa mganga, na mzee akakubali.

Alipokaribia miaka 40 jina lake lilikuwa limefika kwa wakubwa. Alimtibu mtoto wa ukoo wa kifalme, akaajiriwa katika nyumba ya Mwanamfalme wa Chu, kisha akapelekwa katika taasisi ya tiba ya mfalme huko Beijing. Hakukaa sana. Mfalme Jiajing alikuwa ametawaliwa na tamaa ya kuishi milele, akizungukwa na watu waliomnywesha michanganyiko yenye zebaki. Li alikuja kuandika waziwazi kwamba zebaki ni sumu, na kwamba waliomeza dawa hizo za uzima wa milele walijifupishia maisha. Yeye akarejea kwao Qizhou.

Huko ndiko alikofanya kazi ya maisha yake. Vitabu vya dawa vilivyokuwapo vilikuwa vimejaa makosa: mmea mmoja umeandikwa mara mbili kwa majina tofauti, mimea miwili imeandikwa kwa jina moja, na yenye sumu imechanganywa na isiyo na sumu. Li aliona kwamba chanzo cha vifo vingi kilikuwa majina. Mganga aliandika jina moja, muuza dawa akaelewa jingine, na mgonjwa akalipa kwa roho yake. Kuanzia mwaka 1552 hadi 1578, yaani miaka 27, alisoma vitabu vipatavyo 800, kisha akavifunga na kwenda kuuliza watu. Aliwauliza wavuvi, wakata kuni, wakulima, wawindaji na wachimba migodi. Aliiandika kazi yake upya mara tatu. Kitabu hicho, Bencao Gangmu, kina sehemu 52, dawa 1,892 ambazo 374 kati yake aliziongeza yeye, maelekezo ya tiba zaidi ya 11,000, na michoro zaidi ya 1,000.

Jambo linalonivutia mimi, mtu wa isimu, ni mpangilio wake. Katika kueleza dawa, Li huanza na jina: linatoka wapi, watu wa jimbo hili wanasemaje, wa jimbo lile wanasemaje, na kwa nini. Ndipo aeleze sura ya kitu, ladha yake na kazi yake. Hiyo ni kazi ya mwanakamusi kabla ya kuwa kazi ya mganga. Chukua manemane. Wachina huiita moyao. Silabi ya kwanza ni mwangwi wa jina la Kiarabu lililosafiri na wafanyabiashara, na ya pili ni neno lao la dawa. Utomvu huo huo unauzwa leo Eastleigh, ukitoka Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na Wasomali huuita malmal. Mwanafunzi wa Eastleigh anaweza kuyakusanya majina matatu ya kitu kimoja pasipo kupanda matatu.

Je, anayakusanya? Hapa ndipo ninapopata wasiwasi. Kijana wa Jericho au Buruburu anazungumza Sheng kwa ufundi wa kupendeza, lakini ukimwonyesha mti atakuambia ni mti. Bibi yake aliyetoka Siaya, Machakos au Murang'a alikuwa na jina la kila jani lililouzunguka ua wake. Alipohamia mjini alibaki na majina ila majani akayakosa. Akifa, majina nayo yanazikwa. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliliona hilo mapema. Mwaka 1972 alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kijaluo, na mwaka 1976 kitabu kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, akiyaandika majina ya lugha zetu sambamba na yale ya kisayansi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili, lakini sheria haiwezi kumsaidia mnunuzi wa Gikomba anayeuziwa unga wa kahawia usio na jina. Mwalimu wa Kiswahili akishirikiana na wa biolojia, wakawatuma wanafunzi kwa bibi zao na kwa wauza mitishamba wakiwa na daftari, watafanya alichofanya Li kwa nauli ndogo sana.

Turudi kwenye misimu na hisia. Wengine huicheka fikra kwamba ini lina hasira na mapafu yana huzuni. Wasicheke upesi. Kiswahili chetu kina moyo mkunjufu, kukata maini na kutumbukia nyongo. Mjaluo wa Kaloleni akisema chuny, anataja ini na pia nafsi. Shubiri na subira zote zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, uchungu na uvumilivu ukoo mmoja. Hata mtaa wetu mmoja tuliuita Shauri Moyo. Kwa hiyo Wachina hawakuwa peke yao katika kuziweka hisia ndani ya mwili. Li mwenyewe aliongeza jambo lililowashangaza wa baadaye: aliandika kwamba makao ya roho ya asili ya mtu ni ubongo, ilhali mapokeo aliyoyarithi yaliuweka moyo kwenye kiti hicho.

Kuhusu misimu, katika sehemu ya kwanza ya kitabu aliweka kanuni za kutumia dawa kwa kufuata majira manne, ili mganga asipingane na hali ya hewa. Lakini majira hayo ni ya Uchina, yenye theluji na majani yanayopukutika. Nairobi ina masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na miezi yake ni mingine kabisa. Anayeibandika chati ya Uchina ukutani Dandora bila kuibadilisha ameazima nguo bila kujipima. Na mwanafunzi aliyelemewa na huzuni wiki baada ya wiki katika muhula wa pili, asiyekula wala kulala, hafai kuachiwa chai ya majani. Apelekwe hospitali.

Li hakuogopa kujijaribia mwenyewe. Watu walisema kwamba ua la mmea wa jamii ya mnanaha likichumwa kwa kicheko, anayelinywa katika pombe atacheka, na likichumwa kwa ngoma atacheza. Alilijaribu, akaeleza kwamba mnywaji akiwa nusu amelewa, mtu mwingine akianza kucheka au kucheza mbele yake, naye hufuata. Hivyo aliona kwamba hisia huambukizwa na aliye karibu. (Wanafunzi wasithubutu kurudia jaribio hilo. Mnanaha unaota hata kwenye majalala yetu, na unaua.)

Asifanywe malaika. Kitabu chake kimeorodhesha pembe ya kifaru, na tamaa ya pembe hizo, pamoja na zile za kutengenezea mipini ya majambia huko Yemeni, iliwashusha vifaru weusi wa Kenya kutoka takriban 20,000 mwaka 1970 hadi chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Uchina ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1993. Kimeisifu pia gundi ya ngozi ya punda, na tangu mwaka 2016 tuliona machinjio ya punda yakifunguliwa humu nchini huku wabeba maji wakiibiwa wanyama wao usiku.

Lakini humo humo, kama katika vitabu vya kabla yake, mna mmea uitwao qinghao, dawa ya homa za vipindi. Mwaka 1971 Bi. Tu Youyou na wenzake, wakiongozwa na maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4, walipata kutoka kwake dawa ya malaria, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya Nobel. Tangu mwaka 2006 dawa za jamii hiyo ndizo zinazotangulizwa katika hospitali za Kenya. Mwalimu wa Makongeni aendaye likizo Busia na kurudi na homa hutibiwa kwa jani la Wachina.

Li hakukiona kitabu chake kikisomwa. Alipokimaliza hakupata mchapaji. Mwaka 1580 alisafiri hadi kwa mwandishi mashuhuri, Wang Shizhen, kumwomba utangulizi. Akangoja miaka kumi. Utangulizi ulitoka mwaka 1590, na Li akafariki mwaka 1593 kurasa zingali zikichongwa kwenye mbao huko Nanjing. Kitabu kilitoka mwaka 1596. Mwanawe, Li Jianyuan, alikipeleka kwa mfalme Beijing, wakuu wakakipokea, wakakiweka kando. Miaka michache baadaye nakala yake ilikuwa tayari Japani.