Maisha ya George James Symons, Mhesabu wa Mvua

Hapana mkulima asiyeitazamia mvua, wala hapana kijiji ambacho wazee wake hawasemi kwamba mwaka huu imezidi, au imepungua. Lakini imezidi kwa kiasi gani, na imepungua kupita mwaka gani, ni wachache wawezao kujibu. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa waalimu, maisha ya Mwingereza mmoja aliyetumia siku zake zote ili maswali hayo yapate majibu, na jinsi karatasi alizoziacha zilivyokuja kuwafaa watu miaka mia moja na ishirini baada ya kufa kwake.

George James Symons alizaliwa mjini London, katika mtaa wa Pimlico, tarehe 6 Agosti mwaka wa 1838. Alikuwa mtoto wa pekee wa wazazi wake. Alisoma kwanza shuleni London, kisha akapelekwa katika nyumba ya kasisi wa Thornton, katika jimbo la Leicestershire, akamalizia masomo yake huko. Tangu utoto alipenda kutazama mambo ya hewa, akavitumia vyombo alivyovitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka wa 1860 Admirali Robert FitzRoy, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya serikali ya habari za hewa, alimpa kazi katika ofisi yake.

Katika miaka ile mvua ilikuwa imepungua Uingereza, na mwaka wa 1855 ulikuwa mkavu sana. Miji ilikuwa ikikua upesi kwa ajili ya viwanda, na watu walihitaji maji safi ya kunywa. Wahandisi walipotaka kujenga mabwawa, waliuliza ni mvua kiasi gani inyeshayo katika bonde fulani kwa mwaka, na katika mwaka mbaya hupungua kwa kiasi gani. Hapakuwa na jibu la kutegemea. Waliokuwa wakipima mvua walikuwepo hapa na pale, lakini kila mmoja alifanya kwa desturi yake, akaandika katika daftari lake, na alipokufa daftari lilitupwa pamoja na takataka za nyumba. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na huku daftari zenyewe ndizo zilizokuwa zikipotea.

Basi Symons akaanza kukusanya. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha mvua ya mwaka wa 1860, nacho kilikuwa na hesabu za mahali 168 tu. Kisha akapeleka barua katika magazeti, akiwaomba watu wenye vipimo wamletee hesabu zao, na watu wenye daftari za zamani wamjulishe. Majibu yakawa mengi hata kazi ya ofisi na kazi ya mvua zikashindana. Ilimpasa achague. Mwaka wa 1863 aliiacha kazi ya ofisi ya serikali, akaichagua mvua, ambayo haikuwa na mshahara. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano.

Wasaidizi wake walikuwa watu wa kila namna: mabwana wenye mashamba, waganga, watunza bustani, waalimu wa shule, wanawake kwa wanaume. Mapadre wa vijijini walikuwa wengi sana miongoni mwao, kwa kuwa padre hukaa mahali pamoja miaka mingi, amezoea kuandika vitabu vya kanisa kila siku, na nyumba yake ina uwanja. Mmoja wa wapimaji wa siku zile alikuwa Lady Bayning wa Norfolk, aliyepima tangu mwaka wa 1835 hata mwaka wa 1887. Alipokwenda kukaa London alikichukua kipimo chake pamoja na mizigo yake, asije akakosa siku.

Lakini wingi wa watu peke yake hautoshi. Kipimo kilichowekwa juu ya dari hupata maji machache kuliko kilichowekwa chini, maana upepo wa juu huyapeperusha matone yasiingie. Na kipimo kilichowekwa karibu na mti au ukuta hukingwa. Hesabu za watu wawili wasiofuata kanuni moja haziwezi kulinganishwa. Kwa hiyo Symons aliwatia moyo waliotaka kujaribu. Kanali Ward huko Calne, na Kasisi Griffith huko Strathfield Turgiss, waliweka vipimo vya ukubwa mbalimbali na vya kimo mbalimbali, wakavilinganisha kwa muda mrefu. Mwisho wa majaribio ilikubaliwa kanuni iliyo rahisi: mdomo wa kipimo uwe na upana wa inchi 5, ukae futi 1 juu ya majani, mbali na miti na kuta, na maji yapimwe kila siku saa tatu asubuhi, yaandikwe papo hapo. Kanuni hii mtoto wa shule aweza kuishika, nayo ndiyo iliyoyapa maji ya bustani elfu lugha moja.

Mwaka wa 1866 Symons alimwoa Elizabeth Luke, naye akawa msaidizi wake katika kazi. Walipata mtoto mmoja tu, akafa angali mchanga. Baadaye Bibi Symons naye alitangulia kufa. Nyumba yao ya Camden Square, mjini London, ilikuwa ofisi na maktaba pia, na uwanja wa nyuma ulikuwa na vipimo. Kila mwaka barua zilimiminika kutoka pande zote za Uingereza, Wales, Scotland na Ireland, na kila hesabu ilikaguliwa. Ilipoonekana namba isiyopatana na za majirani, Symons alimwandikia mwenyewe na kumwuliza. Gharama zilitoka kwa sehemu kubwa katika michango ya wapimaji wenyewe. Kufika mwaka wa 1898, mahali palipopimwa palikuwa zaidi ya 3,400.

Heshima hazikumkosa. Alichaguliwa kuwa mmoja wa wataalamu wa Royal Society mwaka wa 1878. Na mlima wa moto wa Krakatoa ulipolipuka mwaka wa 1883, yeye ndiye aliyesimamia kutungwa kwa taarifa kubwa juu ya jambo hilo, iliyotoka mwaka wa 1888. Chama cha habari za hewa, Royal Meteorological Society, kilichoanzishwa mwaka wa 1850, kilimchagua awe rais wake katika mwaka wa jubilei yake ya miaka hamsini. Lakini mwezi wa Februari mwaka wa 1900 alipatwa na ugonjwa wa kupooza, na tarehe 10 Machi akafa katika nyumba ile ile ya Camden Square. Jubilei ikafanyika bila yeye.

Urithi aliouacha ulikuwa karatasi. Yeye na waliomfuata walijaza karatasi moja kwa kila mahali kwa kila miaka kumi: miezi kumi na miwili kwa upande mmoja, miaka kumi kwa upande wa pili. Hesabu za kale kuliko zote zilikuwa za Towneley, katika Lancashire, zilizoanza mwaka wa 1677. Mwaka wa 1919 kazi yote ilitiwa katika mikono ya ofisi ya serikali ya hewa, na karatasi zikaendelea kujazwa mpaka mwaka wa 1960. Zilikuwa zaidi ya 65,000, zimehifadhiwa vema ghalani. Walakini hazikuweza kutumiwa sawasawa, maana ziliandikwa kwa mkono, na kompyuta za siku hizi haziwezi kuhesabu isipokuwa namba zimeandikwa upya kwa namna yake. Kazi ya watu elfu nyingi ilikuwa kama chakula kilichofungiwa ghalani, ufunguo usionekane.

Mwaka wa 2019 karatasi hizo zilipigwa picha. Mwezi wa Machi mwaka wa 2020, watu walipofungiwa majumbani mwao kwa ajili ya maradhi ya korona, Profesa Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading aliwaomba wenye nafasi wasome picha hizo na kuandika namba. Walijitokeza watu 16,000, nao wakaandika hesabu zaidi ya milioni 5 kwa muda wa siku 16. Kisha ikaja kazi ya polepole iliyofanywa na wachache: kuorodhesha kila kituo, kujua kilikuwa katika kijiji gani na kwa kimo gani, kuziunga karatasi zilizo za kipimo kimoja, na kuzitenga zilizo za viwili vyenye jina moja. Bila orodha hiyo namba milioni zingekuwa lundo tu, kwa kuwa mvua isiyojulikana mahali iliponyesha haimfundishi mtu neno.

Matunda yake yalionekana mwaka wa 2022, hesabu zaidi ya milioni 3 zilipoingizwa katika kumbukumbu za taifa, na kumbukumbu hizo zikarudi nyuma mpaka mwaka wa 1836. Kabla ya hapo iliaminiwa kwamba Mei iliyo kavu kuliko zote katika Uingereza ni ile ya mwaka wa 2020, iliyopata milimita 9.6. Karatasi zilionyesha kwamba Mei ya mwaka wa 1844 ilipata milimita 8.3 tu. Mtu asiyejua hayo aweza kujenga bwawa lililo dogo, akidhani kwamba baya alilolishuhudia mwenyewe ndilo baya la mwisho.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki pia, vituo vingi vya misheni viliweka kipimo cha mvua uwanjani, na padre, mwalimu au mwanafunzi alikwenda asubuhi kukitazama na kuandika. Ikiwa katika kabati la parokia au la shule daftari la namna hiyo lingaliko, lisichomwe wala lisifungiwe vitu vya dukani. Kwanza liandikwe juu yake jina la mahali, kipimo kilipokaa, na miaka iliyomo. Kisha lipelekwe kwa watu wa idara ya hali ya hewa walione. Symons hakupata kujua ni nani watakaozisoma karatasi zake. Alihakikisha tu kwamba atakayezisoma ataelewa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijazwa tone kwa tone na watu ambao wengi wao majina yao hatuyajui, waliotoka nje saa tatu asubuhi, hata siku ile ambayo hapakuwa na mvua, wakaandika sifuri.