Manute Bol: Aliyezuia Kuliko Alivyofunga

Boom la muhula huu lilipoingia, nilituma karibu nusu yake nyumbani siku ileile. Kwetu ni Gongoni, Tabora mjini. Mama anauza asali sokoni, na mdogo wangu wa kidato cha tatu alikuwa amerudishwa kutoka bweni kwa sababu ya ada. Sikufikiria mara mbili. Mwenzangu wa chumbani, ambaye ni mtu mwenye roho nzuri kabisa, alinitazama nikibonyeza simu, kisha akanyoosha kidole kwenye picha niliyobandika juu ya kitanda changu. Akaniambia nitaishia kama huyo: alichuma dola, akazigawa zote, mwisho akawa kichekesho cha televisheni.

Picha ile ni ya Manute Bol. Siku ile sikuwa na jibu, nikacheka tu. Makala hii ndiyo jibu langu, limechelewa wiki sita.

Kwanza niseme picha ilifikaje pale. Mimi nina futi sita na kidogo. Kwa mvulana hicho ni kimo cha kusifiwa, kwa msichana ni kesi. Tangu shule ya msingi niliitwa twiga. Wazee wa mtaani walimwambia mama anipeleke Marekani kama Hasheem Thabeet, yule kijana wa Dar es Salaam aliyesoma University of Connecticut na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na timu ya Memphis Grizzlies. Mwalimu wetu wa michezo ndiye aliyenieleza kwamba miaka 24 kabla ya Thabeet, katika jimbo lilelile la Connecticut, kulikuwa na mtu mwingine kutoka upande huu wa Afrika, mrefu kuliko Thabeet, aliyefika chuoni hajui kusoma. Nikataka kumjua.

Manute alizaliwa kusini mwa Sudan, katika jamii ya Wadinka, na kijiji anachohesabiwa nacho ni Turalei. Karatasi zake zinataja tarehe 16 Oktoba 1962, lakini kijijini hakukuwa na mtu wa kuandika vyeti, kwa hiyo tarehe hiyo ni ya serikali zaidi kuliko ya mama yake. Alichunga ng'ombe. Urefu kwao haukuwa ajabu, ila wake ulizidi: alifikia futi 7 na inchi 7, yaani sentimita 231. Alianza na mpira wa miguu, urefu ukamshinda, ndugu zake wakamshawishi ajaribu kikapu. Katika majaribio yake ya mwanzo ya kudanki, meno yake yaligonga chuma cha goli, mengine yakavunjika. Hakuacha. Akachezea Wau, kisha Khartoum.

Huko Khartoum alionwa na kocha wa Kimarekani, Don Feeley, ambaye alimsaidia kuvuka bahari. Mwaka 1983 timu ya San Diego Clippers ikamchagua hata kabla hajacheza mechi moja ya chuo. Ligi ikabatilisha uchaguzi ule kwa sababu hakufuata utaratibu wa kujiandikisha. Inasimuliwa kwamba pasipoti yake ilionyesha urefu wa futi 5 na inchi 2, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba alipimwa akiwa amekaa. Sijui kama wewe uliwahi kusajiliwa na mtu asiyetaka hata kunyanyua macho akutazame. Mimi fomu yangu moja ilirudi imeandikwa mwanamume.

Alipelekwa Cleveland State, akakwama. Ujuzi wa kikapu alikuwa nao wa kutosha. Kilichomkwamisha ni Kiingereza. Hakuweza kusoma wala kuandika, chuo hakikuweza kumsajili acheze, akabaki anafanya mazoezi na kusubiri. Hapa ndipo mimi huwa nasimama ninapoisoma habari yake. Sisi tuliotoka shule za kata tunaijua ile wiki ya kwanza ya lekcha, mhadhiri anaporomosha Kiingereza, wewe unaandika maneno matatu kati ya kumi na kutikisa kichwa kama umeelewa. Manute alipitia hayo akiwa na sentimita 231, mahali ambapo hawezi kujificha kiti cha nyuma.

Mwaka 1984 akaingia University of Bridgeport, chuo kidogo cha Connecticut kinachocheza daraja la pili la michezo ya vyuo. Walimweka kwenye darasa la Kiingereza kwa wageni, na uwanjani wakamwacha acheze. Msimu wa 1984–85, kwa wastani wa kila mechi, alifunga pointi 22.5, akachukua ribaundi 13.5 na kuzuia mitupo 7.1. Ukumbi ambao zamani ulikuwa na viti vitupu ukaanza kujaa, na timu ikaingia mashindano ya kitaifa ya daraja lao.

Huo ndio ulikuwa msimu wake mmoja wa chuo. Hakumaliza. Sudan vita vilikuwa vimerudi tangu 1983, na dada yake alikuwa bado huko. Manute aliona kwamba asipopata pesa haraka hataweza kumtoa. Akaacha masomo Mei 1985, akacheza kwa muda mfupi timu ya Rhode Island Gulls, kisha Washington Bullets wakamchukua katika raundi ya pili, mtu wa 31. Ukitaka kumlaumu kwa kuacha chuo, mlaumu, ila jua alikuwa anamwacha nani akibaki.

NBA alicheza miezi michache tu ndipo watu wakaelewa wamepata nini. Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, wastani wa mitano kwa mechi. Hakuna mchezaji mgeni wa ligi ile aliyewahi kufika hapo. Mara mbili akiwa na Bullets alizuia mitupo 15 katika mechi moja. Msimu wa 1987–88 alicheza pamoja na Muggsy Bogues mwenye futi 5 na inchi 3, mfupi kuliko wote katika ligi, na wapiga picha wakawasimamisha kila siku bega kwa kiuno.

Wasiocheza kikapu naomba mnielewe hapa, maana hoja yangu yote iko hapa. Ubao wa matokeo unahesabu pointi zilizoingia. Mtupo uliozuiwa hauongezi kitu upande wenu; unaondoa tu kitu ambacho kingetokea upande wa pili. Na hata hesabu ya mitupo iliyozuiwa haisemi yote. Mpinzani anakuja mbio, anamwona yule mtu amesimama chini ya goli, anageuka na kurusha kutoka mbali, anakosa. Hilo haliandikwi popote. Manute alicheza NBA misimu kumi, mechi 624. Alifunga pointi 1,599 na kuzuia mitupo 2,086. Hakuna mwingine aliyecheza ligi hiyo miaka mingi akawa na hesabu ya namna hiyo, ya kuzuia kuliko alivyofunga.

Alikuwa na ucheshi wake pia. Golden State Warriors, alikohamia 1988, walimruhusu kutupa kutoka mstari wa pointi tatu, na msimu wa 1988–89 alitupa mara 91, ikaingia 20. Msimu huohuo akaongoza tena ligi kwa kuzuia, mitupo 345. Akiwa Philadelphia 76ers, Machi 1993, dhidi ya Phoenix, alifunga sita za pointi tatu katika kipindi kimoja. Kila anapoupata mpira mbali na goli, uwanja mzima ulikuwa unampigia kelele atupe.

Sasa pesa. Alilipwa mamilioni ya dola, na hayakukaa. Nyumba yake ilijaa ndugu na vijana wa Kisudan waliokimbia. Alienda kwenye kambi za wakimbizi, alilisha watu, alitoa kwa ajili ya kusini, na sehemu ya pesa ile ilikwenda kwa SPLA, jeshi lililokuwa vitani. Sitaki kumfanya malaika. Pesa inayokwenda vitani haina uhakika itaishia wapi, na mwenzangu wa chumbani akinibana hapo sina pa kutokea. Lakini ndugu wengi wa Manute waliuawa katika vita hivyo, na yeye alikuwa na mshahara ambao hakuna mwingine kijijini kwao aliwahi kuuota.

Mwili ulipochoka, miaka ya tisini katikati, NBA ikaisha. Alirudi Khartoum akiamini amani inakuja. Akaahidiwa uwaziri wa michezo kwa sharti la kubadili dini, akakataa. Baada ya hapo kuondoka kukawa shida, aliishi kwa kubanwa na kuuza vitu vya ndani, hadi alipofanikiwa kutoka kupitia Misri na kurudi Marekani mwaka 2002 kama mkimbizi. Mtu aliyekuwa anatoa kwa wakimbizi akawa mmoja wao.

Hapo ndipo zilipotoka zile video ambazo mwenzangu anazo kwenye simu. Mwaka 2002 Manute alipanda ulingoni kwenye televisheni kupigana na William Perry, mnene wa mpira wa Kimarekani, akashinda. Mwaka huohuo akavalishwa viatu vya hoki ya barafuni na timu ya Indianapolis Ice, hata kuteleza hajui. Watu walicheka na bado wanacheka. Sababu yake ilikuwa ileile ya siku zote: alikuwa anakusanya pesa za watoto wa Sudan, na aliona kwamba kama watu wanalipa kumcheka, basi walipe.

Mwaka 2004 alipata ajali mbaya ya gari huko Connecticut, akavunjika shingo, na bima ya afya hakuwa nayo. Alipopata nafuu alianza tena, safari hii na shirika la Sudan Sunrise, kujenga shule Turalei. Kilichonishangaza ni kwamba alihimiza wajenzi na wanafunzi wawe wa dini na makabila tofauti, pamoja na watu wa Darfur, na aliwatetea watu wa Darfur huku akijua kwamba baadhi yao waliwahi kuwa katika jeshi lililowaua ndugu zake. Mwaka 2010 alikwenda nyumbani kwa ajili ya shule hiyo, akarudi Marekani mgonjwa wa figo na wa ngozi. Alifariki tarehe 19 Juni 2010 huko Charlottesville, Virginia, akiwa na miaka 47 kwa hesabu ya karatasi. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Alikosa mwaka mmoja na siku chache.

Huko Misri kulikuwa na familia ya wakimbizi wa Kidinka yenye kijana anayeitwa Luol Deng. Manute ndiye aliyewafundisha kikapu vijana wa nyumba ile. Deng akaja kucheza NBA miaka mingi, baadaye akaongoza shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, na mwaka 2024 timu ya nchi hiyo ilicheza Olimpiki ya Paris na kuifunga Puerto Rico. Kati yetu tulioiangalia mechi ile ukumbini, wachache waliutaja ukoo wa jambo lile ulikoanzia.

Sisi wa Tabora jambo hili halitupi shida kulielewa. Misafara iliyotoka kwetu kwenda Bagamoyo inakumbukwa kwa majina ya matajiri na wazungu waliokuwa mbele, lakini pembe zilikuwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, ambao wengi hata kaburi halijulikani. Mama yangu naye hana kitu cha kuonyesha. Anacho tu kile ambacho hakikutokea: mimi sikuishia darasa la saba.

Kwa hiyo mwenzangu, jibu langu ndilo hili. Una haki kuhusu bima. Una haki kwamba mtu anayelisha wengi anapaswa kubakiza cha dawa yake mwenyewe, na boom lijalo nitatuma theluthi, si nusu, maana mwaka jana nililala na njaa wiki mbili za mwisho na nikapata sapu mbili. Lakini usiniambie Manute alipoteza pesa zake. Wewe umesoma ubao wa pointi tu.

Mdogo wangu amerudi bweni. Jana kanipigia kwa simu ya mlezi wao kuomba viatu vya kikapu, namba 46. Nimemwambia amalize mitihani kwanza.